Masomo ya Ndani ya Nyumba

Baba Nasra,

Nimekutolea salamu wanayotolewa walio makaburini, kisha nikaona haitoshi, nikakutolea na ile yetu ya kila siku, uliyokuwa ukiitikia huku unavua viatu mlangoni. Usinicheke. Humu ndani hakuna mwengine wa kunisikia sasa ila mwanao, naye yuko uani anafua.

Kesho natoka eda. Miezi minne na siku kumi imetimia, na leo ndiyo siku yangu ya mwisho ya kuwa kizuka, mjane wa kukaa ndani. Sikuwa na nia ya kukuandikia. Aliyenitia kalamu mkononi ni Raya, yule mwalimu kijana wa jiografia niliyekuwa nikikuhadithia visa vyake. Alikuja jana alasiri kunitazama. Akakaa, akanywa chai, akaniuliza habari zangu zote na za mtoto, mpaka nikajua ana lake. Mwisho akalitoa: naye anataka kusoma shahada ya uzamili kwa mtandao, kama mimi. Akaniuliza, "Mwalimu, nitegemee nini?"

Nikamwambia ategemee kukaa peke yake sana. Akacheka, akasema kwao wamejaa nyumba tele, kukaa peke yake ndiyo starehe anayoitafuta. Nikamwambia ajitayarishe kwa umeme. Akasema hilo analijua. Jibu lenyewe lilikuwa mdomoni, lakini sikuweza kumpa msichana aliyeniletea sambusa na uso uliojaa matumaini. Nakupa wewe. Wewe ndiye uliyenitia humo, na wewe ushaondoka, huwezi kuondoka tena nikiwa katikati ya maneno.

Unakumbuka ulivyoniuzia habari ile? Ndiyo, uliniuzia, kama fundi anavyomuuzia mtu redio iliyowahi kuingia maji. Nilikuwa nimenyimwa ruhusa ya kwenda kusoma Bara, nikawa na kisirani nyumba nzima ikanikoma. Ukarudi kutoka dukani kwako Mlandege na kompyuta uliyoiunga kwa vipande vya kompyuta nyengine zilizokufa, ukaipachika juu ya meza ya chakula, ukachomeka waya wa simu, ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Ukanigeukia umejaa tele. "Mama Nasra, masomo yashakuja nyumbani. Utasoma na kanga yako kiunoni, chai ubavuni, hapana wa kukuuliza unakwenda wapi." Nilikuamini. Hata sasa siwezi kusema ulinidanganya, maana ulikuwa hujui, na mimi nilikuwa sijui, na waliotangaza chuo kile walikuwa hawatujui sisi.

Upweke ndio uliotangulia. Darasani kwangu, hata ninapofundisha watoto wakorofi, kuna macho. Mtu husema neno akaona limeangukia wapi. Kule nilikuwa naandika, natuma, nafunga, kisha nakwenda kukuna nazi. Asubuhi ya pili nafungua nakuta majibu ya watu ambao sijui wana sauti gani. Wengine walikuwa wanalala mimi nikipika, wengine wanaamka mimi nikitandika. Hakuna aliyekuwa akijua kama leo nimeandika au sikuandika, na ningeweza kuacha siku yoyote asigutuke mtu. Wewe tu ndiye uliyekuwa ukigutuka. Ulikuwa ukiingia tu unauliza, "Umetuma?" Hata maji hujanywa.

Na lile kosa langu la mwanzo, Mungu anisamehe, mpaka leo nikilikumbuka nacheka na huku machozi yananitoka. Mwalimu alituwekea swali kwenye ukurasa wa majadiliano, kila mtu aandike. Mimi nikaingia kama mtu anayeingia kwenye nyumba yenye wageni. Nikawasalimia wote, mmoja mmoja kwa jina lake, nikawauliza hali zao na za watoto wao, nikaomba radhi kusema mbele ya waliosoma kunishinda, nikamshukuru mwalimu kwa elimu yake, na mwisho, katika mstari mmoja, nikasema nakubaliana naye. Nikakaa kungojea waitikie salamu. Haikuitikiwa hata moja. Zikaja alama, mbovu, na maneno ya mwalimu chini yake: haoni mawazo yangu mimi yako wapi. Nililia siku nzima. Wewe ulicheka mpaka ukakohoa, na wakati ule kikohozi chako kilikuwa kikohozi tu. "Wale hawana baraza," ukaniambia, "wana kiwanja cha mpira. Ingia, piga." Basi nikajifunza kupiga. Nikajifunza kumwambia mtu mwenye mvi, kwenye picha yake naziona, kwamba hoja yake haisimami. Nilikuwa nikishatuma natoka jasho, nakwenda kunawa uso.

Kisha ikaja tasnifu, na hapo ndipo mama yako alipoingia.

Niliandika juu ya wasichana wa shule za upande wa mashariki wa kisiwa, wanaokosa masomo maji ya bahari yanapotoka sana asubuhi na mama zao wanawahitaji kwenye kilimo cha mwani. Nilikwenda kwenu Chwaka na maswali yangu niliyoyapanga vizuri, na wanawake wakaniangalia kama wanavyomwangalia mtu wa serikali. Mimi ni mtoto wa mjini, wa mtaa wa Malindi, pua yangu na ngozi yangu vinanisema kabla sijafungua kinywa. Wakanijibu kila swali kwa "alhamdulillahi". Mama yako, Bi. Mize, akaniangalia nikirudi jioni na karatasi tupu. Kesho yake akavaa kanga zake, akanishika mkono kama mtoto, akanipitisha nyumba kwa nyumba na mpaka ndani ya maji yaliyotufika magotini. "Huyu mkwe wangu. Aandika. Msimfiche." Basi wakafunguka. Vidole vyao vimechanika kwa kamba na chumvi, wakanionesha. Wakanitajia watoto wao. Mama yako akawa amesimama pembeni yangu, kila nikinyamaza ananigutua, "Andika na hilo." Mimi sikuwahi kuwa na mama mkwe kama wale wanaosimuliwa na mashoga zangu. Nilikuwa na mama.

Ulipoanza kuugua tulidhani ni uchovu. Madaktari walipolitaja figo, nikakiandikia chuo, wakaniongezea muda. Ulipolazwa nikaandika tena, wakaniongezea tena, na safari hii wakasema kanuni hairuhusu zaidi ya hapo. Sikukwambia. Wewe ulikuwa kitandani umevimba miguu, unaniuliza "Umetuma?", nami najibu bado, nawe unakasirika unageukia ukutani. Siku moja hatukusemezana mpaka magharibi kwa sababu ya sura ya nne. Watu wa kitanda cha pili walidhani tunagombania mke wa pili.

Ulikata roho Alhamisi asubuhi. Wakakupeleka kwenu Chwaka siku ile ile, wanaume wakaenda nawe, mimi nikabaki na wanawake na ubani. Kaburi lako silijui lilivyo. Haji ndugu yako ameniambia liko upande wa mnazi uliopinda, na hilo ndilo ninalolijua.

Baada ya kukuzika, Bi. Mize alikuja mjini na mkeka wake uliozungushwa kanga, akautandika chumbani kwetu, ubavuni mwa kitanda. Alikuja kukaa nami mpaka mwisho. Wanawake waliokuja kuhani, wakishamaliza kulia, wakiiona kompyuta mezani, wakawa wananambia bahati yangu. Wenzangu eda inawavunjia mambo yao, wengine wanaacha kazi, wengine wanaacha biashara, lakini mimi nasoma ndani. Eda na masomo haya yamekuwa kama kinu na mchi. Walilisema hilo wengi, na mimi nikawa naitikia kwa kichwa. Nililiamini, Khamis. Nilijiambia Mungu alikuwa amenitayarishia.

Na kwa muda ilikuwa hivyo. Nilivua kila kitu, wanja, udi, mafuta ya nywele, nikabaki na nguo nyeupe. Asubuhi nikisoma juzuu yangu, mchana nakaa mezani. Mama yako alikuwa na wasiwasi na yale majina ya kiume kwenye kompyuta. Akaniuliza, "Hao wakuona?" Nikamwambia hawanioni, naona maandishi tu nao waona maandishi tu. Akafikiri sana, akasema, "Basi si neno." Akawa anakaa karibu yangu anachambua mchele, mimi naandika habari za jirani zake. Pahala pengine nikikwama namuuliza yeye, ananisahihisha. Nilimaliza tasnifu katika hali hiyo, mwezi wa pili wa msiba wako. Nikaituma. Hakuna aliyeniuliza kama nimetuma, nikajiuliza mwenyewe kwa sauti, Bi. Mize akanikazia macho kama nimepagawa.

Ambacho hawakunieleza vizuri, au walinieleza nikasoma haraka, ni kwamba tasnifu haishii kwenye kutumwa. Unakaa mbele ya wakaguzi wawili na mwalimu wako, kwa kamera, wanakuona na kukusikia, unaitetea. Walinipangia siku. Nikawa na mashaka ya wanaume kuniona, lakini nilijipa moyo, nikasema nitafunika uso, nitakuwa chumbani kwangu, Bi. Mize yuko ubavuni. Alikubali hata hilo. Alikubali kwa shida, lakini alikubali.

Ukaja umeme kukatika.

Si ule wa kwetu wa kuzoea, wa kukatika ukarudi. Ulikatika kisiwa kizima, mjini na shamba, wakasema kuna kitu kikubwa kimeungua, siku mbili tatu. Hazikuwa siku mbili tatu. Maji ya mfereji yakafuata umeme, watu wakarudi visimani. Samaki wakaoza kwenye mafriji, mtaa ukanuka. Simu ya nyumbani ikafa. Mimi kizuka nimekaa na kandili, na siku yangu ya kutetea inakuja.

Raya ndiye aliyekuwa mguu wangu. Kule Darajani yako maduka ya intaneti yenye jenereta, kwa ajili ya watalii, akawa anakwenda na maneno yangu na kurudi na majibu. Niliwaandikia chuo kwamba kisiwa hakina umeme, na kwamba mimi ni mfiwa, niko ndani kwa sharti la dini yangu. Mwalimu wangu akajibu maneno mazuri. Alinipa pole, nilihisi ni ya kweli. Akasema ameomba kwa niaba yangu na amekataliwa, muda wangu wote wa nyongeza umekwisha, siku hiyo ikipita jina langu linafutwa. Kisha akaniuliza: haiwezekani nikatoka saa moja tu, nikaenda pahala penye umeme?

Saa moja tu. Nilirejea kulisoma neno lile mpaka karatasi ikalegea. Kwake lilikuwa jambo dogo, na sina haki ya kumlaumu, maana nilishindwa kumweleza. Niliandika, nikafuta, nikaandika. Mwandishi wa kurasa mia na zaidi, nikashindwa kumweleza mtu mmoja kizuka ni nini.

Haji alileta jenereta kutoka Chwaka, aliazima kwenye nyumba ya wageni. Alilitia uani, akazungumza nami nyuma ya pazia bila ya kuniona, akachomeka waya kompyuta ikawaka. Nyumba yote tukashangilia. Lakini waya wa simu ulikuwa umekufa, na kompyuta bila ya ule waya ni kabati. Alijaribu mpaka adhuhuri. Akasema, "Shemegi, kaka angekuwepo angejua la kufanya," kisha akalizima, akalipakia akaenda zake.

Basi nikamwita Ustadhati Bi. Shemsa, aliyenisomesha nikiwa mdogo. Alikuja kwa miguu na uzee wake. Nilimweleza yote mbele ya mama yako, sikutaka kufanya la kificho. Akasema, "Mchana, kwa haja, mjane hutoka, na usiku harudi kulala ila kwake. Hiyo ndiyo sheria. Lakini hii yako ni haja au ni hamu, hapo mimi siwezi kukupimia." Akatuombea dua, akaondoka, akatuacha sisi wawili na maneno yale.

Bi. Mize hakupandisha sauti. Unajua hapandishi. Alikuwa anakunja kanga, akaendelea kukunja. "Baba yako mkwe alipokufa nlimkalia," akasema. "Mama yangu mgonjwa, yuko Uroa hapo, pua na mdomo. Kila siku waja kunambia, anakuita. Sikutoka. Kafa, sikutoka. Nami moyo nnao." Akaweka kanga chini. "Wewe watoka kwa karatasi?"

Ningeweza kumwambia nyongeza ile ya muda niliimaliza kwenye kitanda cha mwanawe. Ningeweza kumwambia wewe mwenyewe ulitaka. Yote ni kweli, na nikamwambia mojawapo, sikumbuki lipi. Lakini wewe sikufichi. Nilitaka. Niliitaka shahada ile kwa roho yangu, niliitaka kabla hujaniletea kompyuta na kabla hujanioa, na sitaki kulivisha neno hili nguo za kufiwa ili lipendeze. Maji nilikuwa nimeshayavulia nguo.

Asubuhi ya siku yenyewe nilivaa buibui langu kuukuu na ninja ya kufunika uso, Raya akanijia. Mama yako alikuwa jikoni. Nilikwenda kumuaga, nikamwambia, "Mama, narudi kabla ya adhuhuri." Hakugeuka. Aliliambia sufuria, si mimi: "Mwanangu hana tena wa kumkalia."

Nilitoka, na neno hilo likatoka nami. Jua lilinipiga nikayumba, nilikuwa nimesahau lilivyo. Pale barazani kwa jirani zetu mazungumzo yalikatika. Walinijua kwa mwendo. Mmoja akasema "Astaghfirullah" si kwa sauti ya chini. Raya akanishika mkono tukaenda, Mikunguni mpaka Darajani, watu wana ndoo vichwani, majenereta yananguruma milangoni, moshi mtupu. Sikuinua macho. Kila nyumba yenye dirisha niliona ni mama yako.

Dukani walinipa pembe ya ndani. Kulia kwangu alikaa mtalii, mabega wazi yameungua na jua, anacheka peke yake na kompyuta. Nikavaa vile vya masikioni. Wakatokea, mwalimu wangu na wanaume wawili, wananitetemekea kwenye kioo. Wakanisalimia vizuri. Kisha mmoja wao, mzee, akasema, kwa heshima kabisa, kwamba utaratibu unawataka wahakikishe kuwa ni mimi, hivyo wanaomba waone uso.

Nilijua litakuja. Lakini kujua si kufanya. Nilifunua. Uso wa kizuka, Khamis, usio na wanja wala mafuta, macho yamevimba, uso ambao hata kaka zangu sikuwaruhusu kuutazama sana. Niliufunua kwenye duka lenye mtalii na jenereta, kwa wanaume wawili nisiowajua. Yule mzee akanitazama, akatabasamu, akanambia nisiogope, mtihani si mgumu hivyo. Alidhani ni woga wa mtihani. Nikamwambia ahsante.

Waliuliza mengi, nikajibu. Nilikuwa nazijua kurasa zile kama chumba changu. Mwisho, yule wa pili akauliza kwa mshangao wa kweli: nimewapataje wanawake wale wakazungumza kwa uwazi namna ile? Watafiti wengine wamekwenda huko wakarudi mikono mitupu. Nikasema: alinishika mkono mama mkwe wangu. Nikataka kuendelea, nikashindwa. Wao wakangojea, wakadhani mtandao umekatika. "Unatusikia?" wakawa wananiuliza. "Unatusikia?"

Nilirudi adhuhuri haijaadhiniwa. Mkeka haukuwepo. Nasra alikuwa amesimama mlangoni, akanambia, "Bibi kaondoka." Jikoni kulikuwa na wali na mchuzi wa pweza, amenipikia, amefunika kwa sinia, na chumvi kaipunguza kwa ajili ya presha yangu. Nilikaa chini pale pale jikoni, na buibui langu. Ningestahamili kama angeniachia majivu.

Tangu siku ile sijatoka. Umeme ulirudi, watu wakashangilia barabarani, sikutoka hata kwenye kizingiti. Majirani wengine wanasema eda imeshavunjika, nakalia nini. Nimekukalia wewe. Nimemtumia mama yako salamu kwa Haji kila Ijumaa, naye hurudisha kwamba salamu zimefika, basi. Jawabu la chuo lilikuja kwenye kompyuta yako: nimefaulu, na wakaguzi wameisifu kazi kwa sauti za wenyeji zilizomo. Nililisoma asubuhi, nyumba kimya. Nikamwita Nasra, akanikumbatia, akauliza, "Tumwambie bibi?" Nikamtuma kununua mkate.

Hili ndilo jibu ambalo sikumpa Raya. Kwamba wanakwambia masomo yatakuja nyumbani, na ni kweli yanakuja, lakini yanakuja na saa zao na siku zao, na hayajui kama humo ndani mna maiti au arusi. Kwamba utafika pahala uulizwe "saa moja tu", na saa hiyo moja huenda ikawa ndiyo bei ya yote. Na kwamba sijuti. Hapo ndipo panaponiuma zaidi ya pote. Nikijiuliza kama siku ile ingerudi ningekaa ndani, moyo unasema ningetoka tena, na tena ningerudi nikakuta wali umefunikwa.

Kesho wataniosha. Kwa desturi ya kwenu, mama wa mume ndiye anayemmwagia kizuka maji ya kwanza, ndiye anayesema mwanangu kakaliwa eda yake, nenda na radhi zangu. Nimempelekea Haji tokea juzi kumuomba. Haji karudi jioni hii. Alisimama nyuma ya pazia muda mrefu hana neno, nikamwambia aende akapumzike, nishasikia.

Basi maji atanimwagia Nasra.

Lala salama, Khamis. Mungu akupanulie kaburi lako, akutie nuru humo, akusamehe uliyoyafanya kwa kujua na kwa kutojua, na mimi akanisamehe yangu. Nimekuridhia yote. Ukiweza, niridhie.

Nakuahidi hili. Kesho kutwa, safari yangu ya kwanza ni Chwaka. Nitapita kwako, unioneshe huo mnazi, kisha nitakwenda mlangoni kwa mama yako. Sitamchukulia shahada wala habari ya shahada. Sitamwambia sheria ilisema nini. Nitakaa nje, chini, mpaka anifungulie. Asipofungua nitarudi Ijumaa, na Ijumaa ya pili, na ya tatu, hata majirani zake wanichoke. Chuo kiliniwekea siku ya mwisho. Kwa mama yako sina siku ya mwisho.

Mkeo,
Mama Nasra